Kibao cha Injini ya Makongeni

Siku ya Madaraka watu walijaa makumbusho hata nyasi zikapotea chini ya viatu. Makumbusho yenyewe ni uwanja wa wazi upande wa Makongeni, uliokuwa karakana zamani. Pale kuna injini za mvuke, mabasi ya kale yasiyo na magurudumu, mashine za kukamua mkonge na kreni ndefu ambayo watoto hukatazwa kupanda. Ndanu alikuwa muongoza wageni. Siku hiyo alikuwa amevaa sare yake ya kaki, leso nyekundu shingoni, na sauti ilikuwa imeanza kumkauka.

Ndipo akamwona mwanamume mrefu aliyevuka mnyororo na kuweka kidole kwenye kibao cha shaba ubavuni mwa injini nambari 2417.

"Ndugu, huo mnyororo haukuwekwa kwa urembo," Ndanu akamwambia.

Yule mtu akarudi nyuma taratibu. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi vizuri, lakini mikono ilikuwa na makovu madogo ya moto. "Pole, dada. Nilikuwa naangalia kilivyosubiwa. Mimi hiyo ndiyo kazi yangu, Baba Dogo. Kuyeyusha chuma na kumimina."

Ndanu hakumwamini. Siku za sikukuu hawakosi watu wanaokuja na bisibisi mfukoni. Alimtazama mpaka alipoondoka, na alipoondoka akajikuta bado anamtazama.

Jumapili iliyofuata yule mtu alirudi, akalipa kiingilio, akafuata msafara wake mwanzo hadi mwisho akiuliza maswali ambayo Ndanu alilazimika kwenda kuyasoma. Jumapili ya tatu akaomba nambari ya simu. Aliitwa Munene, aliishi Lucky Summer, na alisema hana mke.

Hilo la mke Ndanu alilichunguza. Miaka miwili alikuwa amependana na mtu aliyekuja kujulikana ana mke na watoto watatu kule mjini Wote, na tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kupekua. Walipokwenda Kariokor kula nyama mara ya kwanza alimwomba Munene kitambulisho, mezani, mbele ya kachumbari. Munene akakitoa. Alipokaribishwa kwake aliingia bafuni kuhesabu miswaki. Ulikuwa mmoja.

"Umepata ngapi?" Munene akamuuliza alipotoka.

"Ngapi nini?"

"Basi nitanunua wa pili. Chagua rangi."

Wakapendana hivyo. Munene alipiga simu kila saa sita akimaliza kumimina, akimwita Madam Injini, naye Ndanu akamwita Moshi. Munene alimnunulia viatu vya ngozi palepale Kariokor. Ndanu naye akaenda Eastleigh akajichagulia dera la kijani, akalivaa Jumapili nzima ili aone kama Munene atasema kitu. Hakusema neno. Alisahau tu kunywa chai mpaka ikapoa.

Nyumbani Umoja, Ndanu aliishi na kaka yake mkubwa, Nzivo. Wazazi walikufa Ndanu akiwa darasa la sita, na Nzivo akaacha shule akaendesha magari ili dada asome. Sasa alikuwa na pikapu yake, ya samawati, yenye mlango mmoja wa kijani uliotoka kwa gari jingine. Jioni nyingi alimpitia dada yake kazini. Walinzi walimzoea wakawa wanamfungulia geti bila kumsachi. Munene hakuwa amekutana naye bado, ila alimjua kwa picha, kwa sababu simu ya Ndanu ilijaa picha za kaka yake.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, kibao cha injini 2417 hakikuwepo. Vipimo vitatu vya mvuke navyo vilikuwa vimeng'olewa, na filimbi ya injini nyingine. Madam Perez, msimamizi wao, aliwakusanya wafanyakazi saba chini ya kreni. Hakupandisha sauti. Alisema vitu hivyo vilitoka kwa msaada wa mtu wa ndani, au wa mtu anayejulikana na mtu wa ndani, na kwamba Jumatatu angekwenda polisi.

Ndanu alisimama pale akikumbuka kidole juu ya shaba. Alikumbuka maswali yote yale ya Jumapili: kibao kimeshikiliwa na nini, kina uzito gani. Tena siku zilizofuata Munene alibadilika. Simu za saa sita zilikuwa fupi. Akiulizwa kulikoni, husema ni uchovu.

Jumamosi akaenda Lucky Summer bila taarifa. Munene alimpokea kwa upole usio wa kawaida, akamwacha ameketi, akatoka kununua maziwa. Ndanu hakungoja hata nyayo zake zitoweke. Alifungua kabati, akainua godoro, akainama chini ya kitanda. Kulikuwa na gunia limekunjwa. Alilivuta, likawa zito, na ndani akasoma nambari aliyowasomea wageni kwa miaka minne.

Munene alimkuta amekaa sakafuni, kibao mapajani. Aliweka maziwa juu ya meza.

"Umekitoa wapi?" Ndanu akauliza.

"Kililetwa karakana kiyeyushwe. Nikakiweka kando."

"Kililetwa na nani?"

Munene alimtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Kwani wewe hujui?"

"Nijue vipi?"

"Basi hata mimi sijui," akasema, na uwongo ule ulionekana wazi kama doa kwenye shati lake.

Ndanu alikipiga kibao picha, akatoka. Simu ilimwita njia nzima mpaka Umoja, hakushika. Jumatatu asubuhi aliweka picha ile mbele ya Madam Perez, na mchana polisi wakamchukua Munene kazini, bado amevaa aproni ya ngozi. Kibao wakakitoa chini ya kitanda chake, wakamuuliza nani alimletea. Hakujibu, wakamfungia.

Siku mbili Ndanu alifanya kazi kama mtu mwenye homa. Jumatano mchana alikuja mtu getini kumuulizia, mfupi, mwenye mafuta ya mashine kwenye kucha. Alijitambulisha kuwa ni Shiundu, anafanya kazi na Munene, kwenye mizani ya kupimia vyuma.

"Nimesikia ni wewe uliyemshtaki," Shiundu akasema. "Nimekuja kukwambia tu. Yule kijana alipigana nasi ili hicho kitu kisiingie motoni. Alikitoa kwenye rundo kwa mikono yake, akasema ni cha watu. Na Munene alimwona aliyekileta, kwa sababu alisimama mlangoni akageuka jiwe."

Ndanu akamuuliza aliyekileta alikuwa nani.

"Kwa jina simjui. Pikapu ya samawati, mlango mmoja kijani."

Ndanu hakumbuki alivyoaga. Alimkuta Nzivo nje ya ploti yao Umoja, amekunja suruali, anaosha gari. Alimuuliza mara moja tu. Nzivo alikamua kitambaa, akakitundika juu ya kioo cha pembeni.

"Ni vyuma vizee, Ndanu. Nani analilia vyuma?"

"Kuna mtu yuko seli kwa ajili yako."

"Atatoka. Hana rekodi." Akamsogelea, sauti ikashuka. "Mimi ndiye baba yako na mama yako. Ulitaka nikuambie nini? Kwamba kazi imekauka?"

"Ulipita kwa jina langu. Walinzi hawakukusachi kwa sababu yangu."

Nzivo akamwaga maji ya ndoo. Ndanu akamwambia aende kituoni mwenyewe kabla ya saa kumi, la sivyo angekwenda yeye. Kisha akaketi kwenye ngazi akingoja. Saa tisa na nusu Nzivo aliwasha gari, na badala ya kushika njia ya kituo akashika ile nyingine. Ndanu alilia akitembea, lakini alitembea. Alisema jina la kaka yake mbele ya askari, herufi moja moja, askari akiandika.

Munene aliachiliwa kesho yake. Siku ya tatu Nzivo alijipeleka, vipimo na filimbi vikiwa ndani ya pikapu. Madam Perez alimwacha Ndanu kazini, ila geti likaanza kumsachi hata yeye, na hakulalamika.

Alipiga simu kwa Munene kila siku saa sita. Haikushikwa. Wiki ya pili akaenda mwenyewe Baba Dogo, akasimama kwenye joto la tanuru mpaka Munene akatoka kunywa maji.

"Nimekuja kuomba msamaha," Ndanu akasema. "Si wa kunirudia. Msamaha tu."

"Ulinipekua nikitafuta maziwa."

"Ndiyo."

"Ungeuliza mara ya pili, ningekwambia."

"Ungeniambia mara ya kwanza, nisingepekua. Uliniuliza kama najua. Ulidhani niko na kaka yangu kwenye wizi."

Munene aliinamisha kichwa. Maji yalikuwa yakimdondoka kidevuni. "Siku nne nililala juu ya hicho kibao. Ukicheka kwa simu, naona unanicheka. Nikisema jina la kaka yako, naogopa nitakutia ndani na wewe. Nikinyamaza, naona nimeoa mwizi hata kabla ya kuoa." Akafuta uso. "Hata mimi nilikushuku, Ndanu. Tena sikuwa na ujasiri wa kutafuta chini ya kitanda chako."

Hawakukumbatiana. Munene alirudi kazini. Lakini kesho yake, saa sita na dakika mbili, simu ya Ndanu ililia.

Ilichukua miezi. Nzivo alikiri mahakamani, akafungwa miezi minane, na siku ya hukumu Munene alikuwa benchi moja na Ndanu, wameacha nafasi ya mtu mmoja kati yao. Desemba Munene akamwambia anataka kwenda kwao kujitambulisha. Ndanu akamwambia hakuna kwao. Wa kumpokea mgeni ni mmoja tu, naye yuko gerezani.

"Basi twende huko," Munene akasema.

Walikwenda Jumamosi. Munene alivaa koti, Ndanu dera lake la kijani. Nzivo aliletwa upande wa pili wa wavu, amekonda, na alipomwona Munene akataka kurudi alikotoka. Askari akamwonyesha kiti.

Munene alimwamkia kwa heshima, akamwita mzee. Kisha akasema kilichomleta: anaomba kumuoa dada yake.

Nzivo alisogeza kiti nyuma kidogo. "Mimi si mtu wa kuombwa kitu," akasema. "Na wewe nilikulaza seli."

"Sikuja kuomba kwa mtu mwema," Munene akajibu. "Nimekuja kwa kaka yake."

Nzivo alifunika uso kwa viganja. Alipovitoa, alimtazama dada yake kwa mara ya kwanza tangu alipoketi.

"Wewe umekubali?"

"Nimekubali," Ndanu akasema.

"Basi ningojeeni nitoke," Nzivo akasema. "Msifanye bila mimi."

Wakamwahidi kwamba watangoja.