Kabati la Mwalimu Aminieli

"Weka chini mbao zangu!"

Watu wote kwenye uwanja wa mbao pale Unga Limited waligeuka. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mashine ya kupasulia magogo inanguruma, vumbi la mbao linapeperuka hadi barabarani, na katikati ya vumbi hilo alisimama Eunike. Alivaa sketi ya buluu, kitambaa cha kitenge kichwani, na raba nyeupe ambazo kwa asubuhi ile hazikuwa nyeupe tena. Mguu mmoja alikuwa ameuweka juu ya rundo la mbao za paini, kama mtu anayezuia mbuzi asikimbie.

Upande wa pili wa rundo alikuwapo kijana mrefu, shati la kaki lenye mifuko mingi kama wavaavyo madereva wa watalii, mbao mbili tayari begani.

"Dada, habari za asubuhi kwanza," alisema.

"Habari zangu ziko begani kwako. Zishushe."

Kumbe mwenye mbao alikuwa amewaahidi wote wawili rundo lilelile. Alijikuna kichwa, akasema mzigo mwingine utashuka kutoka msituni wiki ijayo, akaingia zake kibandani na kuwaacha wamalizane. Eunike hakuondoa mguu. Kijana alimtazama, kisha akashusha mbao.

"Unatengeneza nini?"

"Kabati la jikoni."

"Fundi wako nani?"

"Mimi na baba yangu."

Kijana akacheka. Eunike hakucheka.

"Nimesema jambo la kuchekesha?"

"Hapana, dada. Nimefurahi tu. Mimi naitwa Lesikar. Nilikuwa nataka kumjengea mama yangu banda la ndama kule Ngaramtoni. Ndama atasubiri. Gari langu lile pale, nikupelekee wapi?"

"Njiro," Eunike alijibu, bado amenuna. Walipokuwa wakipakia akaongeza, "Mwambie ndama pole."

Ndivyo walivyojuana.

Njiro ya miaka ile ilikuwa inaota nyumba kama uyoga. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, na mjini kila wiki lilifunguliwa duka jingine la vitu vya Dubai: makochi, mapazia, makabati meupe yenye vishikio vya dhahabu. Eunike, katibu muhtasi katika shirika moja la misaada, alikuwa amejijengea nyumba ndogo ya vyumba vitatu. Alikaa na mdogo wake Aika, na baba yao, Mwalimu Aminieli, mjane aliyestaafu ualimu huko Machame.

Mwalimu alikuwa amepigwa na kiharusi. Mdomo ulirudi, mguu ukarudi, lakini mkono wa kulia, mkono ulioandika ubaoni maisha yake yote, uligoma. Daktari alisema mkono upewe kazi, la sivyo utalala moja kwa moja. Ndipo Eunike alipopata wazo la kabati. Hakuna aliyejua useremala katika nyumba ile. Mbao ya kwanza waliikata fupi. Ya pili wakaikata fupi zaidi. Aika alikaa juu ya ndoo akiwacheka. Jioni baada ya jioni Eunike aliuweka mkono wa baba yake juu ya randa, akaweka wa kwake juu yake, wakasukuma pamoja.

Siku moja Mwalimu akasema, "Niachie." Akasukuma peke yake, kutoka mwanzo wa ubao hadi mwisho. Randa ikatoa ganda moja refu, jembamba, halikukatika. Mzee aliliokota. Alitoka nje akaenda kunawa uso bombani, akakaa huko kitambo.

Kabati lilipokamilika lilikuwa limeinamia dirishani, na mlango mmoja ulikataa kufunga. Wote watatu waliliona kuwa zuri.

Mapenzi ya Eunike na Lesikar yalikua kwa simu. Lesikar, dereva wa watalii, alikuwa porini na wageni wake wiki nzima, na akifika Karatu penye mtandao ndipo hupiga. Simu za mkononi zilikuwa ngeni na ghali, wakajifunza kupendana haraka haraka.

"Mrembo wangu, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeliwa na simba?"

"Simba wamenikataa, wanasema mimi ni wa Mchaga fulani mkali."

"Waambie wana akili."

Eunike hakumwambia Lesikar habari za mkono wa baba yake. Baba yake hakutaka watu wajue, na hasa huyu kijana aliyemwamkia kwa heshima kila alipokuja. Akapenda zaidi kumchekesha.

"Jana mlango wa kabati umefunguka wenyewe, sufuria ikamwangukia Aika mguuni. Lina pepo lile kabati, nakuambia!"

"Nitakutafutia la kisasa, mpenzi."

"Nitafutie, basi! Hata leo!" Akaangua kicheko, na simu ikakatika.

Mwezi uliofuata Eunike alikwenda semina Dodoma. Aliporudi, Aika alimpokea getini anarukaruka, akamvuta mkono hadi jikoni.

Ukuta mzima uling'aa. Makabati meupe, laini kama sahani, vishikio vya dhahabu, harufu kali ya gundi. Katikati alisimama Lesikar, shati jipya, suruali imepigwa pasi, tabasamu kutoka sikio hadi sikio.

"Karibu nyumbani, mpenzi."

Eunike aliweka begi chini. "Liko wapi?"

"Lipi?"

"Kabati."

"Lile la zamani? Mafundi walilibomoa. Zile mbao zilikuwa zimejaa misumari, hazifai kitu. Wakachemshia chai."

"Wakachemshia chai," Eunike alirudia polepole. Kisha sauti ikapanda. "Wakachemshia chai! Nani aliyekuruhusu, Lesikar? Ni nyumba ya nani hii?"

"Nilimwomba mzee. Alisema sawa."

Eunike alitoka mbio hadi varandani. Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake, redio mapajani, macho yameelekea Mlima Meru.

"Baba, ulikubali?"

"Ni zuri, mwanangu," Mwalimu alisema bila kugeuka. "Linang'aa."

Eunike alirudi jikoni. "Toka kwangu."

"Eunike! Wewe mwenyewe ulisema lina pepo. Ulisema nikutafutie, hata leo!"

"Nilikuwa nacheka!"

"Mimi nilikuwa Karatu, simu sikioni. Uso wako ningeuonaje?"

"Mkono wa baba yangu ulifufuka kwenye kabati lile! Unasikia? Kwenye zile mbao zenu za chai!"

Tabasamu la Lesikar lilishapotea zamani. "Hukuniambia," alisema kwa sauti ya chini. "Hata siku moja, hukuniambia."

Ilikuwa kweli, na kwa kuwa ilikuwa kweli Eunike alizidi kupandwa na hasira. Alifungua mlango wa nyuma, akasimama pembeni, akaelekeza kidole nje. Lesikar akatoka. Aika alianza kulia, akiuliza kabati jipya limekosa nini, na kwa nini watu wa nyumba hii hawawezi kupata kitu kizuri kwa amani.

Eunike alikwenda akasimama mbele ya baba yake, akamzuia kuuona mlima.

"Kwa nini, baba?"

"Ulitaka nimwambie nini?"

"Ungemwambia hapana! Neno fupi."

Mwalimu alizima redio. "Yule mchumba wako wa kwanza alikuacha kwa sababu yangu. Alisema hawezi kuoa mwanamke pamoja na mgonjwa. Nilisikia, Eunike, ukuta huu ni mwembamba. Basi huyu alipokuja na mizigo yake, nikajiambia, nikimkatalia ataona mzee ni msumbufu. Asije naye akaondoka kwa sababu ya mbao zangu zilizopinda."

"Baba!" Machozi yalimtoka, lakini yalikuwa ya hasira. "Mimi ni bidhaa gani ambayo mtu akiikunjia uso lazima tumpunguzie bei? Anayeondoka kwa sababu yako na aende! Darasani ulitugombeza tukijua jibu tukanyamaza. Leo ni wewe uliyenyamaza!"

Mzee aliinamisha kichwa.

"Lilikuwa baya lile kabati," alisema. "Lakini nilikuwa nikiamka asubuhi naliangalia."

Eunike akapiga magoti, akakilaza kichwa chake kwenye paja la baba yake, wakalia wote.

Simu ya Eunike iliita siku nyingi. Hakuipokea. Siku moja Aika alichoka, akaichukua mezani.

"Amesema hayupo, shemeji."

"Amesema mwenyewe?"

"Ndiyo. Yuko hapa ananikodolea macho."

Eunike alimnyang'anya simu akaikata, lakini alichelewa kidogo kuikata, na Aika aliliona hilo.

Jumapili moja, watu wametoka ibadani, Lesikar akaja. Hakubeba ua, hakubeba zawadi. Alivaa koti la suti lililombana mabegani, viatu vimechafuka matope ya Ngaramtoni. Eunike alimwona kupitia dirishani, akabaki ndani. Akasikiliza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Lesikar."

"Leo nimekuja kwako. Yeye nitamwona akitaka." Alikataa kiti, akakaa kwenye kigoda. "Nilisema nilikuomba ruhusa. Nimefikiri sana, nikaona sikuomba. Nilikuja na mafundi mlangoni, gari limeshapakuliwa, ndipo nikakuuliza. Huko si kuuliza. Nisamehe, baba. Kesho nitakuja niling'oe lile la Dubai."

"Hutang'oa kitu!"

Eunike alishtuka. Tangu kiharusi hakuwa amemsikia baba yake akipaza sauti namna ile. Mwalimu alikuwa amesimama, ameshika nguzo ya varanda.

"Mnang'oa, mnaweka, mnagombana, mnafukuzana, na mimi nimekaa hapa kama mgeni aliyekosa basi! Huyu ananihurumia, yule ananiogopa. Nani ameniuliza ninachotaka?"

Lesikar aliinuka kwenye kigoda.

"Unataka nini, baba?" Lesikar aliuliza.

"Meza," Mwalimu alisema. "Meza ya kulia, kubwa, watu wakae wote. Kabati lenu libaki, Aika analipenda. Wewe utaleta mbao na utazishika. Randa huigusi mpaka nikuambie."

"Ndiyo, Mwalimu."

Hapo Eunike akatoka. Walitazamana. Lesikar alikuwa amekonda.

"Bado nina hasira na wewe," Eunike alisema.

"Najua."

"Hujui hata nusu yake." Akavuta pumzi. "Na mimi pia nilikosea. Nilikuchekesha kwa kitu ambacho sikutaka kichekwe. Ningekuambia, ungejua."

"Ningejua," Lesikar alisema. "Na hata bila kujua, ilinipasa niulize."

Meza ilianza Jumamosi iliyofuata, nyuma ya nyumba. Aika alipiga msasa akilalamikia kucha zake. Mwalimu alipima kwa rula yake ya darasani, akakosea, akawagombeza wote. Lesikar alishika mbao tangu asubuhi hadi mikono ikafa ganzi, hakuthubutu kuomba kupumzika. Adhuhuri Mwalimu alimwita, akamkabidhi randa.

"Haya. Taratibu, usiichimbe."

Lesikar alisukuma mara mbili, kisha akasimama. Alijipangusa jasho, akakohoa.

"Baba, kuna neno. Ningependa kuwaleta wazee wangu hapa, waje waongee nawe kuhusu..."

Nyundo ya Eunike iligonga ubao kwa kishindo.

"Unaona? Unaanza tena!"

"Nimefanya nini?"

"Unamwuliza mtu mwingine jambo langu! Hivi kinywa changu kimeoza? Niulize mimi!"

Aika aliacha msasa. Mwalimu aligeukia upande wa ukuta, akajifanya anatafuta penseli ambayo ilikuwa sikioni kwake. Lesikar aliweka randa chini. Alikuwa na maganda ya mbao nyweleni na kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikosa la kuchekesha.

"Eunike," alisema, "utakubali nikuoe?"

Eunike alimwacha asimame vile. Aliutazama uso wake wote, polepole, uso ambao simu haiwezi kuuleta kutoka Karatu.

"Ndiyo," alisema, kwa sauti ya mtu anayegomba. "Nimekubali. Sasa walete hao wazee."