Tumbo Laini, Halina Maumivu

Mgonjwa alikuwa bado anafunga vifungo vya shati wakati maelezo yake yalipokamilika. Yalijitokeza kwenye kioo cha ukutani, mstari baada ya mstari, kwa herufi safi za buluu: alichosema kuhusu sikio lake, alichoulizwa, alichokutwa nacho, dawa aliyoandikiwa na siku ya kurudi. Daktari Nyamizi Kasubi alikuwa kwenye sinki ananawa mikono. Kabla maji hayajamkauka viganjani, kazi ambayo zamani ilimla robo saa nzima ilikuwa imekwisha.

Chombo kilichofanya kazi hiyo kilikuwa kidogo kama kifuniko cha chupa, kimebandikwa juu ya mlango. Watu walikiita karanisauti. Kilisikiliza mazungumzo, kikatenganisha sauti ya daktari na ya mgonjwa, kikachuja salamu na habari za mvua, kisha kikaandika faili kwa lugha ya kitabibu, na nakala yake rahisi kikaituma kwenye simu ya mgonjwa. Kufikia mwaka huo wa 2071, karibu kila kliniki ya Tabora ilikuwa nacho. Ya Nyamizi, pale Isevya, ilikuwa imebaki nyuma, na sheria mpya ilimtaka achague chake kabla mwezi haujaisha.

Alikuwa akijaribu viwili kwa pamoja, katika chumba kimoja. Kilichokuwa mlangoni kiliitwa Sikivu. Kingine, kisanduku cha kijivu juu ya meza, kiliitwa Nakili.

Nyamizi alifuta mikono, akasoma kioo cha Sikivu ili atie sahihi. Akasimama kwenye mstari wa saba.

"Kaka, hebu subiri kidogo," alimwambia mgonjwa, ambaye alikuwa ameshashika kitasa. "Leo nimekushika tumbo?"

Yule bwana akajitazama tumbo kama vile lingejibu lenyewe. "Hapana, Daktari. Umenitazama sikio tu."

Kioo kilikuwa kimeandika: *Tumbo laini, halina maumivu.*

Aliufuta ule mstari, akatia sahihi, akamwita mgonjwa mwingine. Lakini siku nzima mstari ule ulimkera kama punje ya mchanga ndani ya kiatu.

Jioni alimwonyesha Sikitu Mrisho, mtunza kumbukumbu wa kliniki. Sikitu alikuwa amemzidi Nyamizi umri kwa miaka sita, na alikuwa ameyapanga mafaili ya kliniki ile tangu siku ilipofunguliwa. Yeye Sikivu alikipenda waziwazi. Tangu kifike, alikuwa akitoka kazini saa kumi kamili, jambo ambalo hakuwahi kulijua maishani mwake.

"Mstari mmoja, Daktari," alisema. "Wewe mwenyewe ulipokuwa ukiandika kwa haraka, mangapi uliyakosea?"

"Niliyakosea mimi, Dada Sikitu. Nilijua yalikosewa na nani. Hebu kaa hapo, ujifanye mgonjwa."

Sikitu akaketi. Akasema kichwa kinamuuma siku ya pili sasa. Nyamizi hakumuuliza kitu, hakumgusa. Alimwambia ameze dawa ya maumivu, anywe maji, apumzike. Dakika moja haikufika.

Nakili kilitoa karatasi yenye mapengo kama kinywa cha mtoto wa miaka saba. *Kichwa kinauma, siku mbili. Mzio wa dawa: haukutajwa. Uchunguzi: haukusikika.* Sikivu kilitoa ukurasa mzuri, uliojaa, usio na doa. *Hana homa. Hana mzio wa dawa yoyote. Shingo inakunjika bila shida. Macho yanaona sawasawa.*

Sikitu alisoma mara mbili. Tabasamu likamfutika usoni. "Hana mzio wa dawa yoyote," alirudia polepole. "Na mimi penisilini ilitaka kuniua. Uliniona mwenyewe nilivyovimba."

Kesho yake asubuhi alikuja mwakilishi wa kampuni ya Sikivu, Bwana Desderi Mbuya, mtu mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Hakushtuka alipoonyeshwa karatasi. Nyamizi aliliona hilo, nalo lilimtia shaka kuliko karatasi yenyewe.

"Chombo hakidanganyi, Daktari," Desderi alieleza. "Kinajifunza. Kimekusikiliza wiki mbili, na kimeshajifunza kwa maelfu ya madaktari kabla yako. Kinajua kwamba wagonjwa wako wengi huwa unawashika tumbo. Kinajua kwamba mtu wa kichwa hukunjwa shingo. Daktari mzuri hufanya mambo hayo kimyakimya, bila kusema. Kama kingeandika yale tu yaliyosikika, ungeonekana mzembe mbele ya wakaguzi, ilhali kazi umeifanya."

"Na kama sijaifanya?"

"Ndiyo maana kuna nafasi ya sahihi yako."

"Kwa hiyo kinamwandika daktari ninayetakiwa kuwa, halafu mimi nakiri kwamba ndiye mimi."

Desderi akacheka kidogo. Alisema kuna kipimo cha ujazo ndani ya chombo, kinachoamua chombo kijaze mapengo kiasi gani, angeweza kukishusha. Alikishusha pale pale, akaaga kwa heshima, akaacha kalenda yenye picha za mizinga ya nyuki.

Nyamizi alikuwa ameanza kuamini kwamba jambo limekwisha. Saa sita mchana akapigiwa simu na daktari mpasuaji wa hospitali ya rufaa, mwanamke aitwaye Rehani Luhwago, waliyefahamiana naye tangu masomoni.

"Una mgonjwa anaitwa Mwashi Luhende? Wa kiwanda cha asali?"

"Ninaye. Nilimwona Jumatatu. Alikuwa na tumbo la gesi."

"Halikuwa la gesi, Nyamizi. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka. Tumemfungua leo asubuhi, usaha umejaa tumbo zima, na kipande cha utumbo tumekikata. Yuko hai. Ila nataka kukuuliza. Faili lako linasema ulimbonyeza kulia chini, akawa hana maumivu. Daktari wetu wa mapokezi alilisoma hilo jana, akamweka kwenye foleni ya kawaida. Saa tano amekaa kwenye benchi. Kweli ulimbonyeza?"

"Nilimbonyeza," Nyamizi alijibu bila kusita. "Nakumbuka kabisa. Mikono yangu ilikuwa ya baridi, akaruka, tukacheka wote wawili."

"Basi ugonjwa ulikuja baadaye. Hutokea," Rehani alisema. Wakaagana.

Nyamizi alibaki ameshika simu. Hakuwa na wasiwasi na jibu lake. Aliiona taswira yote: yule mama mrefu mwenye kitenge cha zambarau, amelala kitandani, mkono wake mwenyewe juu ya ngozi yenye joto. Hata kicheko alikisikia. Lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa kutilia shaka, na kwa kuwa wiki ile ilikuwa imemfundisha kushuku kila kitu, alimwita Sikitu.

"Nakili kinahifadhi sauti siku ngapi?"

"Saba."

"Nitolee ya Jumatatu. Mwashi Luhende."

Karatasi ya Nakili ilikuja kwanza. *Tumbo: uchunguzi haukusikika.* Nyamizi akasema hilo si ajabu, mkono haupigi kelele. Wakafungua sauti.

Walisikia mlango ukifunguliwa. Walisikia Mwashi akisalimia, akieleza kwamba tumbo lilianza kitovuni na sasa limehamia upande mmoja. Kisha hodi ya nguvu: gari la chanjo lilikuwa limefika na friji lilikuwa limezima, Daktari aje upesi. Viatu vya Nyamizi vikatoka. Dakika nne za kimya, Mwashi akihema na kuguna peke yake. Viatu vikarudi.

"Samahani sana, mama," sauti ya Nyamizi ilisema kwenye rekodi. "Tulikuwa tunasema gesi, eh? Tuanze na hizi dawa. Zikishindwa, urudi."

Mlango ukafungwa.

"Rudisha," Nyamizi alisema.

Sikitu akarudisha. Kitanda cha uchunguzi katika chumba kile kilikuwa cha umeme; kila kiliposhushwa kilinguruma. Walisikiliza mara tatu. Ngurumo haikuwapo. Mwashi hakuwa amelala popote. Alikuwa amekaa kwenye kiti mwanzo hadi mwisho.

"Lakini nakumbuka," Nyamizi alisema. "Dada Sikitu, namwona alivyoruka."

Sikitu alifungua orodha ya sahihi. Jumatatu ile, saa tisa alasiri, Nyamizi alikuwa ameketi na kusoma mafaili thelathini na mbili mfululizo, akiyatia sahihi. Faili la Mwashi lilikuwa la kumi na nane. Mstari wa tumbo ulikuwapo, wenye maneno mazuri ya kutulia, na alikuwa ameusoma, na kichwa chake kikauchorea picha. Mikono ya baridi huenda ilikuwa ya mgonjwa mwingine. Kicheko kadhalika.

Lililomtisha ni kwamba kuujua ukweli hakukuifuta ile picha. Ilikuwa bado pale, ina rangi na joto, wala haikuwa na tofauti yoyote na kumbukumbu zake nyingine. Alichukua mafaili ya wiki mbili, akajaribu kukumbuka: huyu nilimsikiliza mapafu? Huyu nilimtazama koo? Wote aliwakumbuka. Hakuna hata mmoja ambaye Nyamizi angeweza kuapa kwamba kweli alimchunguza.

Akampigia Desderi. Alimweleza yote bila kupandisha sauti.

"Pole sana, Daktari," Desderi alisema. "Kwa kweli inasikitisha. Ila nakukumbusha kwa nia njema tu: yale maelezo yana sahihi yako. Ya kwetu hayamo. Na ile rekodi ni ya kampuni nyingine, siku saba zikipita haitakuwapo. Sidhani kama ni busara kuikuza habari hii. Kwa faida yako."

"Asante," Nyamizi alisema, akakata simu. Akapanda juu ya kiti, akakibandua Sikivu mlangoni kwa kisu cha bahasha, akakitia kwenye droo. Kisha akakitazama kile kisanduku cha kijivu mezani, kilichokuwa kimesikia yote hayo na kuyatunza, nacho pia hakukiamini. Alikichomoa kwenye umeme.

"Ile sauti nimeshaitoa nakala," Sikitu alisema. "Iko kwangu." Kisha akafunga mlango na kusogea karibu. "Mdogo wangu, nisikilize. Wanaweza kukufutia leseni. Rehani mwenyewe amesema ugonjwa ulikuja baadaye. Maneno hayo amekupa bure."

"Amenipa kwa sababu nilimdanganya."

"Hukujua unadanganya."

"Sasa najua."

Siku mbili baadaye, Mwashi alipoweza kuzungumza, Nyamizi alikwenda wodini. Alimkuta ameegemezwa mito, mrija umetoka ubavuni, midomo imepauka. Mumewe, Bwana Shija, alikuwa anamlisha uji kwa kijiko. Alipomwona daktari aliinuka kwa heshima kumpisha kiti, na heshima ile ilimuumiza Nyamizi kuliko tusi.

Hakukaa. "Mama Mwashi, nimekuja kukuambia jambo. Siku ile ulipokuja kwangu, sikukushika tumbo. Niliitwa nje, niliporudi nikawa nimesahau ulichokuwa unaniambia. Kile chombo kikaandika kwamba nimekubonyeza na huna maumivu, nami nikatia sahihi. Ningekubonyeza, ningejua. Ungekuja hapa siku ile ile."

Shija alikiweka kijiko ndani ya bakuli. Nyamizi alikuwa amejiandaa kwa kilio, au kwa hasira, au kwa lile neno "tumwachie Mungu" ambalo wagonjwa huwapa madaktari bure. Hakuwa amejiandaa kwa alichokisikia.

"Kwa hiyo sikuwa nimechanganyikiwa," Mwashi alisema.

"Vipi, mama?"

"Nilipofika nyumbani maumivu yakazidi. Jumanne nikamwambia huyu baba, nirudishe kwa daktari. Akafungua simu, akanisomea. Tumbo laini, halina maumivu. Nikasema, mbona sikumbuki kushikwa? Akasoma tena. Nikafikiri labda alinishika, mimi ndiye nimesahau. Labda kweli haliumi, najidekeza tu. Daktari ameandika." Alinyamaza apate pumzi. "Siku mbili nimelala nimekunja magoti, nang'ata khanga nisipige kelele, naona haya. Tumbo langu mwenyewe, Daktari. Nikaliona linasema uongo."

Shija aligeuza uso ukutani.

Nyamizi alikaa sasa. Alisema samahani, neno likawa dogo. Akasema kwamba rekodi ameipeleka kwenye baraza la madaktari pamoja na barua yake, na Daktari Rehani naye ameshaelezwa kila kitu, na watakalomfanyia watamfanyia.

"Hayo ni ya kwenu huko," Mwashi alisema. "Mimi nataka faili langu."

"Nitalirekebisha nikifika kliniki."

"Hapana. Hapa. Nikiwa naona."

Nyamizi aliomba karatasi kwa muuguzi. Hakuwa ameandika kwa mkono kwa miaka mingi, na herufi zilitoka zimelala huku na huku. Aliandika tarehe. Aliandika jina. Aliandika: *Mgonjwa alilalamika maumivu ya tumbo. Sikumchunguza.* Akaendelea mpaka chini, akampa asome.

Mwashi aliishika karatasi karibu na macho. Alisoma taratibu, midomo ikicheza, akarudi juu, akaweka kidole.

"Hapa umekosea. Sikusema tumbo tu. Nilikuambia lilianza kitovuni, halafu likahamia kulia. Nilikuambia kabla hujaitwa."

"Ni kweli, mama. Ulisema."

"Basi liandike."

Nyamizi akachukua karatasi, akaukata ule mstari, na kabla ya kuandika mwingine akauliza, "Kulia juu au kulia chini?"

"Chini," Mwashi alisema. Akafunua shuka, akaonyesha.