Miezi Sita ya Restuta

Siku yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, jua la kawaida, vumbi la kawaida, mabasi ya Mtwara yanaingia Nangurukuru moja baada ya jingine na wapiga debe wanagombana kama kunguru. Skolastika alikuwa kibandani kwake tangu alfajiri, anapepea moto na kusema watu. Kusema watu ndiyo ilikuwa chai yake ya asubuhi.

Kibanda kile kilijulikana kwa kitu kimoja: kisamvu. Madereva walivipita vibanda vyenye viti vizuri na feni, wakaja kubanana kwenye benchi lake bovu. Kisamvu chake hakikuonja mashine. Kilitwangwa kinuni mpaka kikalainika, ndipo kikachemshwa na kuungwa nazi. Utamu ni mkono, alikuwa akiwaambia wateja. Hakuwaambia mkono wa nani.

Mkono ulikuwa wa Restuta, mke wa mwanawe Deo. Na Restuta alikuwa mgonjwa.

Ugonjwa ulianza mwezi wa tano kwa mafua na homa, vitu ambavyo kila mtu anavipata. Wiki ikapita, homa ikaondoka. Kisha kifua kikaanza kumbana. Akitembea hatua kumi anahema. Moyo unamwenda mbio hata akiwa amekaa. Miguu ikavimba mpaka kandambili zikamkataa. Skolastika akasema ni mimba. Mimba ilipokosekana akasema ni uvivu. Stella, muuza chapati wa kibanda cha pili, akasema binti karogwa, apelekwe kwa mtaalamu. Deo hakumsikiliza yeyote. Aliwapandisha wote wawili, mama na mke, kwenye basi la Lindi, mpaka hospitali.

Walipokelewa na Daktari Imani, mwanamke mdogo mwenye miwani mikubwa. Alimsikiliza Restuta kifuani kwa muda mrefu. Akambandika nyaya, mashine ikatema karatasi yenye mistari ya vilima na mabonde. Akatuma damu maabara. Mwisho akampaka mafuta ya baridi kifuani, akamwonyesha Deo kwenye kioo cha mashine moyo wa mkewe: unajikunja kwa taabu, kama kuku aliyenyeshewa.

"Msuli wa moyo umevimba," alisema. "Homa iliondoka, lakini virusi vyake viliushambulia moyo. Wengi wanapona. Nitampa dawa za kuupunguzia moyo mzigo, na nyingine ya kutoa haya maji ya miguuni kwa mkojo. Chumvi apunguze. Lakini dawa kubwa ni mapumziko. Miezi sita. Asilime, asibebe ndoo, asitwange."

Akamgeukia Skolastika.

"Mama, umenisikia? Kidonda ukikitonesha kila siku hakifungi. Huyu akifanya kazi nzito, mapigo yanaweza kuvurugika akaanguka pale pale."

"Nimesikia, daktari. Mimi siyo kiziwi."

Alisikia. Hilo lishikwe vizuri, maana baadaye alitaka watu waamini kwamba alitii.

Deo akaenda Songo Songo kwenye kibarua cha ujenzi. "Mama, nakuachia mke wangu," alisema, na Skolastika akaitikia kwa kukohoa. Miezi miwili Restuta alikaa mkekani, akameza vidonge vyake kwa saa, na kwa kweli akaanza kupona. Miguu ilipungua. Akaanza hata kuimba nyimbo za kwaya kwa sauti ya chini. Skolastika akatwanga mwenyewe, na kisamvu kikaharibika. Kilikuwa na nyuzi. Siku moja dereva mmoja akasukuma sahani mbele ya watu wote.

"Mama Deo, leo umetupikia majani ya mbuzi?"

Benchi zima likacheka. Stella alicheka kuliko wote. Mtu anaweza kusamehe tusi, lakini mpishi hasamehe kicheko.

Ndiyo ikaja ile Jumanne. Mabasi mawili ya watu wa harusi yalikuwa yameagiza chakula.

"Restuta, inuka utwange kinu hiki kimoja tu."

"Mama, daktari alisema..."

"Daktari anakula kwangu? Mimi nilimzaa huyo mumeo Ijumaa, Jumatatu nikawa shambani napalilia. Moyo wangu ulivimba?"

Restuta akainuka. Akashika mchi. Skolastika alikaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mgongo ameupa ua, anasikiliza. Twa. Twa. Twa. Mapigo mazuri, ya mkono unaojua kazi. Akatabasamu.

Kisha mapigo yakaanza kukosea. Twa. Twa-twa. Twa.

Kisha yakakoma.

Alimkuta amepiga magoti, paji la uso kwenye mdomo wa kinu, kama mtu anayetafuta kitu ndani. Macho yalikuwa wazi.

Skolastika hakupiga kelele. Alimkokota mpaka chumbani, akamlaza mkekani, akamfunika khanga. Akarudi uani. Akachota kisamvu kilichokuwa kinuni, akakibandika motoni, akakiunga nazi. Watu wa harusi walikula. Wengine wakaomba nyongeza, wakasema leo mkono umerudi. Saa tisa, mabasi yalipoondoka, ndipo alipopiga ukunga.

"Alikuwa amelala tu," aliwaambia waliokuja mbio. "Hata kijiko hakugusa, mwanangu."

Mama yake Restuta, Valeria, alishuka kutoka Kipatimu na lori la mbao. Alimwosha binti yake mwenyewe. Alipofungua viganja akavikuta ni vya kijani, mpaka kwenye kucha. Akasugua kwa sabuni, akasugua kwa ndimu. Rangi ya kisamvu haikutoka. Valeria alivikunja vile viganja taratibu, kimoja kimoja, akamaliza kazi yake.

Makaburini hakutoa chozi. Siku ya kuanua tanga, wanawake wakiwa wameketi mkekani, aliinama kwa Skolastika kama anayempa pole.

"Mwanangu aliandikiwa miezi sita," alinong'ona. "Amepata miwili. Minne iliyobaki anakuja kuimalizia kwako."

Nguo za marehemu aliziacha. Vyombo aliviacha. Alichukua mchi tu, akauweka begani, akapanda lori.

Wiki ya tatu, saa sita mchana, kibanda kimejaa, Skolastika akasikia mtu anatwanga uani.

"Nani huyo kwangu?" aliuliza.

"Nani wapi?" alisema Stella, chapati mkononi.

Alikwenda kuangalia. Kinu kilikuwa kimelazwa ubavu, kikavu, kuku amelala kivulini mwake. Mchi haukuwepo. Twa. Twa. Twa. Sauti haikutoka kinuni. Alizunguka choo, akachungulia kwa jirani, akasimama katikati ya ua amekodoa. Akaweka mkono kifuani ili apumue vizuri.

Ikampiga kwenye kiganja.

Tangu siku hiyo ikawa kila adhuhuri. Kisha ikawa kila akikaa. Mwezi wa tisa yeye naye akashikwa na mafua, wiki moja ya homa, na homa ilipoondoka ule mchi haukupumzika tena. Akilala unamtwanga. Akipiga magoti kusali unamtwanga. Aligundua jambo moja tu la kumsaidia: alinunua mchi mpya, na kila alipotwanga kinuni, kifua kilitulia.

Akawa anatwanga kutwa.

"Mama Deo, kisamvu chote hicho cha nani?" Stella alimtania. "Unalisha jeshi?"

Skolastika alikuwa anasikiliza. Wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja hupokezana: huyu akiinua, yule anashusha. Yeye alikuwa peke yake. Lakini kila alipoinua mchi wake, kabla hajaushusha, majani kinuni yalibonyea.

Twa, wake. Twa, si wake.

Na yule mwenzake ndiye aliyekuwa anapanga mwendo. Kila siku aliuongeza kidogo.

Mwezi wa kumi na moja ulipoanza, miguu ya Skolastika ilikuwa imevimba kama magogo na midomo imekuwa ya bluu. Stella mwenyewe alikoma kutania. Akampigia simu Deo, Deo akaja, akampeleka Lindi bila kusema neno njia nzima.

Daktari Imani alimkumbuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akaweka kifaa kifuani, akafumba macho kusikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza tena.

"Moyo wa mtu mzima una sauti mbili," alisema polepole. "Wako una ya tatu katikati."

Skolastika alimtazama bila kupepesa.

Nyaya, karatasi, damu, mafuta ya baridi. Yale yale. Msuli wa moyo umevimba, alisema daktari, na hakuona ajabu, kwa sababu virusi havichagui nyumba. Alimlaza wodini, akamwandikia dawa za moyo na ya kutoa maji.

"Na upumzike, mama. Miezi sita. Hii unaijua, nilikwisha kuwaeleza." Akageuza karatasi. "Yule mkweo aliendeleaje? Hakurudi kliniki. Alipumzika?"

Deo alikuwa amesimama dirishani.

"Alipumzika," alisema Skolastika.

Pigo lililofuata lilimwinua mgongo kutoka kitandani. Muuguzi wa wodi, Ismaili, aliliona. Aliona godoro likirudi chini.

Siku mbili alilala pale, dawa zinaingia, na kila mtu anamwambia pumzika. Neno lenyewe lilikuwa linamuuma. Kwani akitulia ndipo inaanza, na pale hapakuwa na kinu. Siku ya pili mchana akamwita mwanawe, akamvuta kola mpaka sikio likafika mdomoni.

"Alitwanga," alinong'ona. "Mimi nilimwinua. Mwambie aache. Nimesema, mwambie aache."

Deo hakushtuka.

"Najua, mama. Mama mkwe alinionyesha viganja kabla hatujafunika jeneza."

"Na ukanyamaza? Miezi yote?"

"Nilikuwa nakungoja useme."

"Basi nimesema."

Deo akamnyoosha shuka, akamweka mto vizuri, kama mtoto mwema afanyavyo.

"Pumzika, mama," alisema, akatoka.

Kesho yake tangu alfajiri Skolastika alikuwa amekaa kitandani, mikono imekunjwa kana kwamba imeshika kitu kinene. Inapanda. Inashuka. Ismaili alijaribu kumlaza. Akamchoma sindano ya kumtuliza. Mikono haikutulia. Ilikuwa inaenda kasi. Ikaenda kasi zaidi. Malengelenge yakatoka viganjani, yakapasuka, na mikononi hamkuwa na kitu.

"Bibi, basi," alimwambia kwa sauti ya chini. "Basi, bibi."

"Mwambie yeye," alisema Skolastika.

Saa sita kamili ikakoma.

Daktari Imani alifika mbio, akamkandamiza kifua nusu saa nzima mpaka jasho likamdondoka. Hakurudi. Hakuna pumzi. Shingoni hakuna kitu. Mboni zimepanuka, hazijali tochi. Kilichobaki ni utaratibu tu: alimbandika nyaya ili mashine iandike ule mstari ulionyooka unaothibitisha kifo.

Mashine ikaanza kutema karatasi.

Mstari haukunyooka. Ulipanda kilima, ukashuka bonde. Ukatulia. Ukapanda tena.

"Zima," alisema daktari. Ismaili akazima, akawasha. Vilima vikaendelea. Wakabadilisha nyaya. Wakambandika Ismaili mwenyewe, mashine ikaandika moyo wa Ismaili, unaokwenda mbio kwa hofu. Wakairudisha kwa maiti, ambaye mikono yake ilikwisha kupoa. Ikaandika taratibu, mapigo sitini na manne kwa dakika. Moyo uliolala vizuri. Moyo usio na haraka na mtu.

Mashine iliandika mpaka karatasi ikaisha.

Daktari Imani aliiangalia muda mrefu. Mtu aliyezoea kusoma karatasi hizo atakwambia kwamba kila moyo una mwandiko wake, na mwandiko ule alikwisha kuuona. Alikwenda masjala mwenyewe. Akarudi na faili la mwezi wa tano, akaitandaza karatasi ya zamani kando ya hii mpya juu ya kitanda kitupu. Kilima kwa kilima. Bonde kwa bonde. Tofauti ilikuwa moja tu: kasoro za uvimbe hazikuwepo tena.

"Umepona," alinong'ona. Ismaili alisikia, akajifanya hakusikia.

Cheti cha kifo kiliandikwa kwa maneno ya kawaida, Skolastika akazikwa Nangurukuru, na watu wa benchi walikuja kwa wingi, maana kulikuwa na pilau. Lakini faili lake halina karatasi ya mwisho ya moyo. Karatasi hiyo imo kwenye faili la Restuta, imebanwa kwa pini, na tarehe iliyochapwa juu yake na mashine ni ya mwezi wa kumi na moja.