Hata Njaa Ilimwacha Chola

Jua la mchana liliwaka juu ya malori ya mpakani Kasumbalesa. Chola alikuwa kwenye foleni ya pasipoti, akitoka Lusaka kumwona daktari. Gauni lake la kitenge lilimpwaya, ingawa fundi alikuwa amelipunguza mara mbili. Mwanaume mrefu mwenye shati jeupe akamwona akiyumba.

"Madame, kunywa hii Fanta. Sukari itakupatia nguvu."

Chola akaona haya kukataa, akanywa. Punde moyo ukamwenda mbio, jasho likamtiririka, akaketi palepale vumbini. Yule mwanaume akamkingia jua kwa mwavuli mpaka alipotulia.

"Pole, mama. Ni Fanta yangu imekuumiza?"

"Hapana, papa. Ni jua tu."

Mwanaume huyo aliitwa Rigobert, mwenye malori, mtu wa Butembo. Wakapeana namba, na tangu hapo alimpigia simu kila jioni, akimwita sheri, yaani mpenzi.

"Sheri, umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Weye uko polisi?"

Wakacheka. Simu ikikatika, nyumba ya Chola pale mtaa wa Hewa Bora ilinyamaza tena.

Hakumwambia kwamba alikuwa amepasuliwa Afrika Kusini. Alikuwa mnene sana tangu ujana, na ugonjwa wa sukari uliomuua mama yake ulikuwa umeanza kumharibu macho. Kila alipojinyima, njaa ilimrudia kwa nguvu zaidi. Daktari akalifanya tumbo lake kuwa dogo na kuliunganisha na utumbo wa chini. Akamweleza kwamba sasa utumbo ungepeleka habari nyingine kichwani: shiba ingekuja mapema, njaa ingepungua, na soda tamu ingemwendesha moyo mbio. Kweli, sukari ilishuka hata kabla ya kilo. Lakini tangu mumewe alipomwacha, ugali wa bukari na samaki ndivyo vilivyokuwa vikimngoja nyumbani. Sasa hata njaa ilikuwa imemwacha.

Jumapili moja Espérance, dada mkubwa wa Rigobert, akawapikia kwake, mtaa wa Kampemba. Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilinukia mpaka uani, kuku aling'aa kwa mafuta. Chola akala matonge machache, akanawa mikono.

"Chakula yetu haikupendeze?" Espérance akauliza.

"Iko tamu, mama. Nimeshiba."

"Hata mutoto hawezi kushiba na ile!"

Njiani Rigobert alikuwa amekunja uso. "Umenipatisha haya mbele ya ndugu yangu. Kama haututake, sema."

Chola akaaga, akaingia kwake. Simu za jioni zikakoma. Akawa anajipakulia, anakaa mezani, anatazama chakula kikipoa bila hamu yoyote, bila mtu wa kumuuliza amekula nini. Mwishowe akapiga yeye.

"Rigobert, haikuwa zarau. Balinipasua tumbo, juu ya ugonjwa. Siwezi kula mingi."

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Niliogopa utasema huyu mwembamba si mimi wa kweli."

Alasiri ya siku hiyo Rigobert akaja, viatu vimejaa vumbi la barabara.

"Nilizani haunitaki," alisema mlangoni.

"Nakutaka. Lakini naogopa. Pengine niko nakutafuta juu ya kujaza fasi ya chakula."

Rigobert akafikiri. "Mi sitafute mwanamuke wa kumaliza sahani. Natafuta mwanamuke wa kurudia kwake. Nikuoe?"

Machozi yakamlenga Chola. "Siku zingine nitajisikia peke yangu, hata kama uko hapa."

"Utaniambia?"

"Nitakuambia."

Chola akampa mkono wake, mkono mwembamba ambao yeye mwenyewe alikuwa bado hajauzoea.