Alama Iliyokataa Kuingia Kwenye Grafu

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku aliichukua taarifa ya kituo cha hali ya hewa mezani kwa mwalimu wa jiografia, akasoma mgandamizo wa hewa na kuuandika kwenye ubao wa langoni. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Kituo hufupisha namba: kikiandika 063, maana yake ni 1006.3. Chiriku aliweka kumi mbele, nukta kabla ya tarakimu ya mwisho, kisha akatia alama kwenye grafu ya ukutani. Tangu muhula uanze hakuwahi kukosea.

Siku hiyo taarifa ilisema 986. Akaweka kumi kama kawaida: 1098.6. Lo! Grafu ilianzia 1000 na kuishia 1020. Alama hiyo ingebidi aichore darini. Mwalimu alikuwa kikaoni, na bingwa gani anayebisha hodi kuuliza? Akajisemea kuwa kituo kimekosea, akabuni namba tulivu, 1008.6. Ikaingia kwenye grafu bila matata.

Baba yake, fundi wa paa, alikuja siku hiyo kubadilisha mabati ya darasa la watoto wadogo. Mwalimu mkuu alikuwa amemwonya asiliguse paa iwapo mgandamizo utashuka, maana huenda upepo mkali ukafuata. Baba akausoma ubao, akacheka. "Umesema hewa imepanda, Chiriku? Basi na mimi napanda!"

Saa nne, katika kipindi cha jiografia, Chiriku alimwona baba yake kupitia dirisha, amesimama juu ya mabati yaliyokwisha kulegezwa. Chini, watoto walicheza uani. Matawi yalianza kutikisika. Akisema, atachekwa. Asiposema je? Hakuthubutu kulimaliza wazo hilo. Akainua mkono.

"Mwalimu, namba ya ubaoni nimeitunga."

"Umeitunga? Kituo kiliandika ngapi?"

"986."

"Ikianza na tisa, unaweka tisa mbele, siyo kumi! Hiyo ni 998.6, na jana tulikuwa na 1006.3. Imeshuka vibaya!"

Mwalimu akatoka mbio, Chiriku nyuma yake.

"Fundi, shuka! Upepo unakuja!"

Baba hakupoteza muda kuuliza. Yeye na vibarua wake waliyafunga mabati kwa kamba, huku watoto wakiingizwa ukumbini. Alipokanyaga tu ardhi, upepo ukavuma kwa kishindo. Bati moja lililosahauliwa liling'oka, likajikita mchangani palepale watoto walipokuwa wakicheza. Chiriku akaangua kilio.

Upepo ulipotulia, mwalimu aligundisha kipande cha karatasi chini ya grafu, na Chiriku akatia alama kwenye 998.6.

"Mbona hukuja kuniuliza?"

"Niliona aibu, mwalimu."

"Kuuliza si ujinga. Usichokijua kiulize, usikitunge. Ila leo umesema kweli mbele ya darasa zima, na kweli hiyo imeokoa watu."

Baba alikuwa mlangoni, bado ana vumbi la paa nyweleni. Akapapasa ile karatasi iliyoungwa.

"Grafu ikiwa fupi, tunaiunga kwa gundi," akasema polepole. "Mimi nikianguka kutoka kule juu, mwanangu, utaniunga kwa gundi gani?"