Mawe Mawili Kiwanjani

Kila siku akitoka shule, Kibibi alipitia kwanza kwenye baraza ya babake kabla hajavua sare. Bwana Nasor alikuwa dalali wa nyumba na viwanja pale Malindi, miaka ya themanini, na barua zake zote aliziandika kwa mkono juu ya meza iliyotegemezwa kwa tofali. Kibibi alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi yake ilikuwa kubandika stempu na kupeleka barua posta, na aliipenda, hasa kulamba stempu.

Bwana Nasor alikuwa na desturi moja iliyowachosha watu. Hakukubali kuandika neno lolote juu ya kiwanja mpaka akizunguke kwa miguu, pande zote nne, kisha akikate katikati, kisha abishe hodi kwa majirani. Madalali wenziwe walimcheka kwamba anauza viwanja kwa mwendo wa kobe. Yeye alijibu kuwa karatasi ataisoma Mombasa kwenye daftari la ardhi, lakini kiwanja chenyewe hakisomeki ila kwa kukanyagwa.

Mwezi ule alikanyaga msumari, mguu ukavimba hata hakiingii kiatu. Na ndipo ikaja barua ya Bi Jedida, muuguzi wa hospitali, aliyetaka kununua kiwanja cha Bwana Athman kilichoko nje ya mji, upande wa Sabaki. Bwana Athman mwenyewe aliishi Mombasa. Alirithi hati kutoka kwa babake, na kiwanja hakuwahi hata kukiona. Bi Jedida alitaka kujua upesi kama kina tatizo, maana Jumamosi angekuja kukitazama na kuweka arubuni.

"Mwanangu," Bwana Nasor alimwambia Kibibi Jumatatu, "leo utakuwa miguu yangu. Kizunguke chote. Kila utakachokiona uniambie, hata kikiwa kidogo."

Kibibi alikwenda kwa mikogo, akijiona dalali kamili. Kiwanja kilizungukwa na ukuta wa zamani uliobomoka, na ndani kilikuwa msitu mtupu wa mikwamba. Ilikuwa saa saba na nusu mchana, wakati wa mapumziko ya shule. Jua lilikuwa kali, hakuna mtu njiani, wala kunguru hakulia. Alipoingia kwenye pengo la ukuta, akasikia harufu ya marashi ya mawaridi, mbichi kabisa, kama mtu aliyejitia marashi amepita mbele yake sasa hivi.

Akaangalia kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu. Nywele zilimsimama, na yale mambo ya udalali yote yakamtoka kichwani. Aligeuka akatimua mbio, hakusimama mpaka alipofika kwenye maduka.

Sasa amwambie baba nini? Kwamba amekimbia harufu? Aliona haya. Alikaa kwenye kivuli cha duka muda wa kutosha kukizunguka kiwanja, kisha akarudi nyumbani akitembea polepole.

"Nimekizunguka chote, Baba. Hamna kitu ila vichaka."

"Hamna nyumba? Hamna njia ya watu? Hamna kaburi?"

"Hamna."

Bwana Nasor aliandika hayo yote kwa wino, akatia sahihi yake. Stempu aliilamba Kibibi mwenyewe, na siku hiyo haikuwa na ladha yoyote.

Jumanne baada ya masomo alitumwa kumwonyesha kiwanja Jefwa, mtu mzima wa kutoka Magarini aliyeitwa na Bwana Nasor afyeke kabla ya Jumamosi. Jefwa alifyeka vizuri huku akiimba kwa Kigiriama, na Kibibi akaanza kujicheka kwa hofu yake ya jana. Kisha wimbo ukakatika ghafla. Jefwa alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyuma, panga limening'inia mkononi.

"Hapa pana mtu," alisema.

Kibibi alisogea. Katikati ya vichaka palikuwa na mahali padogo palipofagiwa safi, bila jani hata moja. Mawe mawili ya matumbawe yalisimama, moja huku na moja kule, na kati yake palitandazwa majani ya mrehani yaliyochumwa siku hiyo hiyo. Mchanga ulikuwa umelowa.

"Ni mawe tu," Kibibi alisema, na sauti yake mwenyewe ilimshangaza.

"Mawe tu hayafagiliwi, mwanangu. Mwambie babako. Mimi panga langu halivuki hapa." Jefwa akafuta panga, akaenda zake.

Kibibi alibaki peke yake na mawe. Alifikiria ile barua. Ilikwisha kwenda, na ndani yake baba ameandika hakuna kaburi, kwa jina lake. Akisema kweli sasa, yeye ataonekana mwongo, na baba pia. Lakini mawe yasipokuwapo, barua itakuwa kweli. Mtoto akishaanza kutengeneza uongo, huwa fundi hodari sana.

Akayang'oa. Yalikuwa mazito kiasi, na yalitoka ardhini taratibu, kama jino lililolegea. Akayaficha chini ya rundo la vichaka alivyofyeka Jefwa, akafuta mchanga kwa tawi, akaondoka bila kutazama nyuma.

Jumatano, katika mapumziko ya mchana, alikwenda kuhakikisha. Mawe yalikuwa yamesimama pale pale. Mrehani ulikuwa mpya. Mchanga alioufuta kwa tawi ulikuwa umefagiwa kwa ufagio wa chelewa, mistari imenyooka, na juu ya mistari ile hapakuwa na unyayo wowote. Ile harufu ya marashi ilikuwa imejaa hewani.

Hata hivyo Jumamosi ilikuwa inakaribia, na aliiogopa Jumamosi kuliko mawe. Aliyang'oa tena, akayabeba moja moja mpaka kwenye kisima kikavu kilichofukiwa nusu karibu na ukuta, akayatumbukiza. Jiwe la pili lilipoanguka, chini kulitoka sauti nzito kana kwamba mtu ameguna. Kibibi akakimbia hata champali yake moja ikamtoka mguuni, na hakuthubutu kuirudia.

Usiku huo hakula. Mamake alimgusa paji la uso, akamwambia ana homa. Kibibi alikuwa akiwaza kitu kilicholala chini ya mchanga, kikihesabu siku pamoja naye.

Alhamisi alirudi. Hakutaka, lakini kutokujua kulimtesa zaidi. Mawe hayakuwapo. Badala yake palichomekwa vipande viwili vidogo vya matumbawe, na mrehani mpya, na mchanga uliofagiwa. Na katikati, juu ya majani, iliwekwa champali yake. Imeoshwa. Imeelekezwa upande wa mji, upande wa nyumba yao.

Kibibi hakuigusa. Alirudi nyumbani peku, akalala mpaka Ijumaa jioni.

Jumamosi Bwana Nasor alijikongoja na mkongojo mpaka kiwanjani, pamoja na Kibibi. Bi Jedida alikuja na kanga mpya na daftari alimochora nyumba yake kwa penseli, chumba kwa chumba. Alikuwa mwanamke mcheshi, aliyekaa nyumba za kupanga miaka kumi na minane. Alitembea huku na huko akipima kwa hatua. Kibibi alimtazama akisogea kuelekea pembe ya nyuma, hatua baada ya hatua.

"Ukumbi utakuwa hapa," alisema Bi Jedida. "Na hapa penye kivuli, hapa pazuri. Hapa nitachimba nijenge jiko." Akasimama juu ya mchanga uliofagiwa, bila kuviona vile vipande vidogo vya matumbawe, akapiga chini kwa kisigino.

"Bi Jedida, ondoka hapo," Kibibi alisema. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka. "Hapo pana mtu."

Wote wawili wakamgeukia. Akasema yote, tangu harufu ya marashi hadi kisima, bila kupumzika. Alipomaliza, babake alikuwa ameinamisha kichwa, na Kibibi hakuwahi kumwona amezeeka vile.

"Barua ile nimeitia sahihi yangu," alisema Bwana Nasor polepole. "Bi Jedida, ulichokisoma si kweli. Kosa ni langu, maana nilipaswa kungoja mguu upone. Usitoe arubuni."

Hapo ndipo walipomwona bibi kizee amesimama kwenye pengo la ukuta wa nyuma. Hakuna aliyemsikia akija. Alikuwa mdogo, peku, amevaa buibui lililochakaa, na mkononi ameshika mrashi wa fedha, kile kichupa cha shingo ndefu cha kunyunyizia marashi.

"Shikamoo, bibi," alisema Kibibi kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Mbona kiatu chako hukukichukua?" Mkono wake wa pili ulikuwa umeishika ile champali.

Aliitwa Bi Tumu, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya ukuta. Kila siku baada ya sala ya alfajiri alikuja kumfagilia mamake aliyezikwa pale, na adhuhuri akarudi kunyunyizia maji na marashi akiwa amesimama pembeni. Alifagia akirudi kinyumenyume, ili asikanyage alipokwisha kufagia, ndiyo sababu hapakuwa na unyayo. Pembe ile, alisema, babu yake Bwana Athman aliitoa wakfu kwa maziko kabla Bi Tumu hajaolewa.

"Siku ya kwanza niliyakuta mawe kwenye vichaka, nikajua ni mkono wa mtoto, maana yalifichwa vibaya," alisema. "Siku ya pili sikuyaona kabisa. Nikalia, mwanangu. Nimekuwa na mama miaka hii yote, nikadhani sasa nimempoteza. Kiatu nilikuwekea ili urudi, nikuulize kwa uzuri."

Kibibi aliona heri angepigwa. Alishuka mwenyewe ndani ya kisima, akayatoa mawe, akayasimamisha mahali pake huku Bi Tumu akimwelekeza lipi la kichwani na lipi la miguuni.

Juma lililofuata Bwana Nasor alipanda basi hadi Mombasa, mguu bado umefungwa, akaomba kupekua daftari la ardhi. Katika hati ya zamani palikuwa na mchoro, na kwenye mchoro pembe ile ilikuwa imekatwa kwa mstari mwembamba, imeandikwa wakfu. Bwana Athman alipoonyeshwa alistaajabu, akakubali mara moja. Mpima ardhi akaja, akachimbia vyuma vipya vya mpaka. Pembe ikabaki ya marehemu, na ikaachwa njia ya kupita Bi Tumu, iliyoandikwa katika mauziano ili hata mnunuzi wa kesho asiifunge. Bi Jedida akanunua kilichobaki. Jiko alilihamishia upande wa pili, akasema jirani mkimya kama yule hakuwahi kumpata katika nyumba za kupanga.

Siku walipomaliza, Bwana Nasor alimwita Kibibi barazani.

"Sikiliza, mwanangu. Mtu hawezi kuuza kisichokuwa chake, hata akiwa na karatasi. Na kilichowekwa wakfu hakiuzwi. Hayo ni ya sheria, na sheria ina watu wake. Lakini dalali anayejua jambo akalificha, amemwibia mnunuzi na muuzaji kwa pamoja. Na asiyekwenda kutazama akasema ametazama, huyo ni yule yule. Ungeniambia Jumatatu kwamba umeogopa, ningekucheka kidogo, basi. Tungekwenda pamoja."

"Nisamehe, Baba."

"Nilikusamehe Jumamosi, uliposema mbele ya watu. Sasa kuna kiwanja kingine, karibu na bomba la maji. Nenda ukanitazamie."

Kibibi alikwenda. Alizunguka pande nne, akakata katikati, akabisha hodi kwa majirani watatu. Alirudi na jua la magharibi, miguu imejaa vumbi.

"Kuna njia ya wachota maji upande wa kusini," alisema. "Kuna kuku wa jirani ametagia kwenye ukuta, mayai manne. Na kwenye mlango wa banda bovu la nyuma niliogopa, sijui kwa nini, kwa hiyo sikuingia. Hapo sikutazama."

Bwana Nasor aliandika njia, akaandika kuku. Kisha akafunga kalamu, akachukua mkongojo wake.

"Twende tukapatazame," alisema.