Ufito wa Gari la Ogola

Kila Jumamosi, baada ya kufua sare yake ya shule na kuianika, Mbula alimpelekea baba yake chai karakanani, kando ya barabara, pale Kawangware inapopakana na Riruta. Mbula alikuwa katika darasa la sita. Alikuwa mwembamba na mwepesi wa miguu, na hakuna harufu aliyoipenda kuliko ile ya mbao iliyotoka kupigwa randa.

Baba yake, fundi Nyamai, alikuwa seremala hodari kutoka Machakos. Kwa miaka mingi alikuwa ametengeneza vitanda, meza na makabati. Lakini katika miaka hiyo ya tisini, wenye magari walishikwa na shauku ya muziki wa kishindo. Walimletea spika kubwa za mlio mzito, ambazo mafundi huziita sabufa, awatengenezee maboksi ya kuzitia. Sabufa isiyo na boksi imara hukoroma tu kama mtu mwenye mafua. Nyamai hakuupenda muziki huo hata kidogo, lakini aliipenda kazi safi, na maboksi yake yalisifiwa hadi Kibera.

Nyamai alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja. Kila gari lilipimwa kwa ufito wake pekee. Badala ya kutumia tepu ya kupimia, ambayo hujikunja ndani ya nafasi finyu, alichukua ufito mwembamba wa mbao, akauingiza mahali boksi litakapokaa, kisha akautia alama kwa penseli. Ufito ule ulitundikwa ukutani ukiwa na jina la mwenye gari, na boksi lilikatwa kwa kuufuata. Kwa kuwa Mbula aliweza kupenya mahali ambapo mabega ya baba yake hayangepita, kazi ya kupima ilikuwa yake. Aliionea fahari kuliko cheo chake cha kiranja darasani.

Jumamosi moja, kijana mmoja mfupi aitwaye Chris alileta pikapu ndogo ya kaka yake, Bwana Ogola, mkazi wa Kianda huko Kibera. Ogola aliwahamishia watu vyombo vyao kutoka nyumba hadi nyumba, na mara kwa mara alipeleka mizigo Kisumu. Alitaka sabufa ikae nyuma ya kiti, kwa maana gari lenyewe halikuwa na nafasi nyingine.

"Mbula," Nyamai alisema, "kwanza sukuma kiti nyuma kabisa, mpaka kigote. Halafu ndipo upime."

"Sawa, Baba."

Mbula akaingia na ufito wake. Akainama, akakivuta kishikio kilichokuwa chini ya kiti. Hakikusogea, kutu ilikuwa imekishika. Akavuta tena, vidole vikamuuma. Wakati huo huo akasikia sauti ya rafiki yake Marion kutoka nje.

"Mbula, si ukuje? Tunaanza kati, na ni wewe tu tunangoja."

"Nakuja."

"Umesema hivyo tangu asubuhi. Timu yetu ikipigwa, ni wewe."

Mbula akakitazama kiti. Kilikuwa kimesogezwa mbele, karibu na usukani, kama alivyokiacha Chris. Akajiambia kwamba tofauti haiwezi kuwa kubwa. Akajipenyeza nyuma ya kiti, goti lake likazama katika shimo la sakafuni la kuwekea jeki ya kuinulia gari, akaugusisha ufito kwenye bati la nyuma na mgongoni mwa kiti, akatia alama. Alipotoka, baba yake aliupokea.

"Ulikisukuma kiti?"

"Nilikisukuma, Baba."

Neno lilimtoka upesi, kama mbegu ya chungwa itokavyo mdomoni. Kisha akakimbilia mchezo wa kati, ule wa kukwepa mpira, na jioni ilipofika hakulikumbuka tena.

Juma lile, boksi lilitengenezwa na Musau, kijana aliyemsaidia Nyamai. Musau aliishi Kianda vilevile, na kila alfajiri alikuja Kawangware kwa miguu, akiimba nyimbo za kwaya. Mkewe alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza siku chache tu zilizopita, na Musau alikuwa akimwonyesha kila mteja, kwa mikono yake, jinsi mtoto alivyokuwa mdogo. Alilikata boksi, akaligundisha, akalivisha kapeti nyeusi, na hata Nyamai, asiyesifu ovyo, alilizunguka akaguna kwa kuridhika.

Jumamosi iliyofuata Ogola mwenyewe akaja. Alikuwa mtu mrefu ajabu, aliyeinama kila mlango alioupita. Kesho yake alikuwa na safari ya Kisumu. Boksi likatiwa nyuma ya kiti na nyaya zikaunganishwa. Ogola akaingia nyuma ya usukani, na pale pale uso ukambadilika.

"Fundi," akasema polepole, "hii gari mmenipimia mimi ama mtoto wa nasari? Magoti yamefika kwa masikio."

Chris akaangua kicheko. "Brathe, ukae hivyo hivyo. Unafanana na panzi."

Ogola hakucheka. Alijaribu kusukuma kiti nyuma, kikagonga boksi. Alijaribu kukanyaga breki, goti likakwama chini ya usukani. "Sasa nikifika mteremko wa Mau nitasimamisha hii kitu na nini? Na maombi?"

Katika maisha ya Nyamai ya useremala, hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi. Akalitoa boksi, akauteremsha ufito wa Ogola kutoka ukutani, akaulinganisha nalo. Boksi lilipita alama kwa unene wa kapeti.

"Musau," akasema, "umepita alama."

"Ni kapeti tu hiyo, Mzee. Haiwezi kuzuia kiti kizima."

"Mwezi uliopita ulisahau unene wa mbao katika kabati la yule mama wa Riruta. Nikakuonya."

"Ulinionya, na kosa lile lilikuwa langu, nikalikubali. Lakini hili nililikata kwa ufito."

"Ufito huu ulipimwa na binti yangu," Nyamai akajibu, "na binti yangu hanidanganyi. Vua aproni. Nitatafuta fundi anayesikia akiambiwa."

Musau aliivua aproni, akaikunja vizuri kama afanyavyo kila jioni, akaiweka juu ya benchi. Akachukua birika lake dogo la chai, akashika njia ya Kianda. Safari hii hakuimba.

Mbula alikuwa amesimama mlangoni na chai ya baba yake mkononi. Maneno yale, "binti yangu hanidanganyi," yalimchoma kuliko kiboko. Alitamani baba angemkaripia. Alimkumbuka yule mtoto wa Musau, aliyepimwa kwa viganja hewani, akajiuliza Musau angemwambia nini mkewe leo.

Nyamai alilitandaza benchini karatasi la mwisho la plaiwudi lililobaki karakanani. Akauweka ufito ule ule juu yake, akachora mstari, akachukua msumeno.

"Bwana Ogola, nivumilie. Nitakukatia jingine kwa mkono wangu mwenyewe, nalo litafuata ufito bila kosa."

Hapo ndipo Mbula alipoelewa kwamba uongo wake haukuwa umekwisha. Boksi la pili lingekuwa kama la kwanza. Ubao wa mwisho ungeharibika, Ogola angekosa safari, na Musau angebaki na aibu isiyo yake. Meno ya msumeno yaligusa ubao. Mbula akapiga moyo konde.

"Baba, usikate."

Nyamai aliinua macho.

"Ufito ndio mbaya," Mbula akasema. "Kiti kilikuwa mbele. Sikukisukuma. Kishikio kilikuwa kigumu, na Marion alikuwa ananiita, nikapima hivyo hivyo. Nikakwambia nimekisukuma. Musau hakukosea."

Hata Chris alitazama chini. Nyamai aliuweka msumeno taratibu.

"Njoo unionyeshe," akasema.

Wakaenda garini. Nyamai alikitia kishikio oili, akakigonga kidogo kwa nyundo, kikaachia, na kiti kikateleza nyuma mpaka kikagota. Akaujaribu ufito nyuma yake. Haukuingia hata kidogo. Ulipita kwa upana wa kiganja.

"Upana wa kiganja," Nyamai akasema, kana kwamba anajisemea mwenyewe. "Na mimi nimemfukuza mtu kwa unene wa kapeti." Akamgeukia Mbula. "Kimbia umrudishe Musau. Mwambie mwenyewe yaliyotokea. Usimwambie kwamba nimemwita tu."

Mbula alikimbia kuliko alivyowahi kukimbia katika mchezo wa kati. Alimpata Musau kwenye njia iteremkayo kuelekea Kibera, akitembea kama mtu asiye na haraka ya kufika. Akamweleza yote huku akihema, bila kujitetea.

Musau alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilikuwa najiuliza nitaanzaje kumwambia Mama Mtoto," akasema. Kisha akavuta pumzi ndefu, akatabasamu kidogo. "Umenikimbilia mbali hivi na ndara moja?"

Mbula akatazama miguu yake. Kandambili moja ilikuwa imebaki njiani, naye hakuwa amejua. Wakarudi wakiitafuta pamoja.

Walipofika, Nyamai alikuwa amesimama mlangoni na aproni ya Musau mikononi. Mbele ya Ogola na Chris, na mbele ya majirani waliokuwa wamesogea kutazama, alisema, "Musau, nilikuhukumu bila kuchunguza. Nisamehe." Akamvisha aproni mwenyewe. Mbula hakuwa amewahi kumsikia baba yake akimwomba mtu msamaha hadharani, na hakuona kwamba kimo chake kilipungua kwa lolote.

Lakini tatizo la Ogola lilibaki pale pale. Kiti kikiwa nyuma, nafasi ilikuwa finyu mno, na sumaku kubwa iliyo nyuma ya sabufa ilihitaji kina.

"Basi acheni," Ogola akasema kwa huzuni. "Nitaiweka chini ya kitanda, majirani wangu wa Kianda wahame."

"Baba," Mbula akasema kwa woga, "kule nyuma, chini, kuna shimo la jeki. Goti langu liliingia lote."

Nyamai na Musau wakatazamana. Musau akainamisha kiti mbele, akaingiza mkono. "Ni kweli, Mzee. Na mgongo wa kiti umelala. Juu ni pembamba, lakini chini kuna nafasi. Tukilikata boksi liwe jembamba juu na nene chini, sumaku itakaa pale penye jeki."

"Na jeki?" Ogola akauliza.

"Tutaitengenezea kisanduku chenye kufuli, huko nyuma kwenye mizigo," Nyamai akajibu. "Mbula, leta ufito mpya."

Safari hii Mbula alipima juu, akapima katikati, akapima chini, na kila mara alikisukuma kiti kwanza, ingawa tayari kilikuwa kimegota. Karatasi la plaiwudi, ambalo msumeno ulikuwa umelikwaruza tu ukingoni, lilitosha. Alasiri yote nyundo zililia, na Musau akarudia nyimbo zake.

Jua lilipoanza kushuka upande wa Dagoreti, Ogola aliingia garini. Akanyoosha miguu. Akakanyaga klachi, akakanyaga breki, akakanyaga tena kwa raha tupu. Kisha akatia kaseti. Mlio mzito ukatoka nyuma ya kiti, mabati ya karakana yakatetemeka, na kuku wa jirani wakatawanyika.

"Fundi," Ogola akapaza sauti, uso wote ukiwa kicheko, "hii sasa ni gari ya mwanaume."

"Punguza," Nyamai akamwambia. "Breki umezipata, masikio nayo utayahitaji."

Gari lilipoondoka, Nyamai alimketisha binti yake kwenye benchi. Mbula aliinamisha kichwa akingoja adhabu.

"Sikiliza, Mbula. Kupima vibaya si dhambi. Mimi nimepima vibaya mara nyingi, na Musau pia, na kosa la namna hiyo hurekebishwa kwa kupima upya. Lakini ulipolificha kwa uongo, hakuna kati yetu aliyeweza kulirekebisha, kwa sababu hatukujua liko wapi. Mimi nikamdhulumu mtu mwema. Nikataka kuharibu ubao mwingine kwa kipimo kile kile. Na mtu angeendesha gari mpaka Kisumu bila kuifikia breki vizuri. Ukikosea, sema mapema, kosa likiwa bado dogo. Leo umechelewa, lakini umesema kabla ya msumeno, na ulisema mbele ya watu bila kulazimishwa. Kwa hilo ninakushukuru."

"Nimekoma, Baba," Mbula akasema. Akasita. "Sasa nani atakuwa anakupimia?"

Nyamai aliuchukua ule ufito wa kwanza, akauvunja vipande viwili, akavitia motoni, chini ya chungu cha kuchemshia gundi. Kisha akachagua ufito mpya, ulionyooka, akamkabidhi.

"Jumatatu kuna gari dogo kutoka Sarang'ombe," akasema. "Ukitoka shule, pitia hapa. Na ukiingia garini, shika ile oili ya kishikio."